Ubao Wenye Ukomo

Mwishoni mwa mwaka 2004 ilikuwapo idara moja ndani ya Microsoft, kule Redmond katika jimbo la Washington, ambayo watu walioitegemea walikuwa wamekata tamaa nayo. Iliitwa XIT Sustaining Engineering, na kazi yake ilikuwa kurekebisha programu zipatazo 80 zilizotumiwa na wafanyakazi wa kampuni hiyo wenyewe. Watengenezaji programu walikuwa watatu na wapimaji watatu, wote wakikaa Hyderabad, India. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Kampuni iliyowaajiri ilikuwa na daraja la juu kabisa la vyeti vya ubora katika fani hiyo. Hata hivyo ombi dogo la marekebisho lilichukua takriban miezi mitano kabla ya kumrudia aliyelileta, na nyuma yake yalikuwa yamejipanga mengine zaidi ya 80. Kila mwezi foleni ilizidi kurefuka.

Dragos Dumitriu, aliyeishika idara hiyo wakati huo, alimwendea mwenzake David J. Anderson, Mskoti ambaye mwaka 2003 alikuwa ametoa kitabu kuhusu usimamizi wa kazi za programu. Wawili hao wakachora njia ambayo kila ombi lilipita, tangu lilipogonga mlango hadi lilipotoka. Walichokiona kinastahili kuelezwa polepole.

Kanuni ilitaka kila ombi jipya likadiriwe gharama na muda ndani ya saa 48. Makadirio hayo yalimla mtengenezaji mmoja na mpimaji mmoja karibu siku nzima. Basi timu iliiacha kazi iliyokuwa mezani, ikaenda kukadiria kazi ambayo huenda isingefanywa kamwe, ikarudi mezani, ikakuta imesahau ilipoishia. Makadirio peke yake yalikula kama theluthi ya nguvu za watu hao sita. Halafu kila mwezi wakubwa walikutana kupanga upya foleni nzima, na ahadi za mwezi uliopita zikafutwa. Watu walikuwa wakifanya kazi kwa bidii juu ya utaratibu uliowazuia kumaliza kazi.

Dawa ilikuwa nyepesi kiasi cha kuwatia wasiwasi walioipendekeza. Waliacha kukadiria. Waliweka ukomo wa maombi yanayoweza kuwa ndani kwa wakati mmoja, na nafasi ilipopatikana ndipo wenye maombi walipokubaliana lipi liingie. Badala ya tarehe ya kila ombi walitoa ahadi moja: likishaingia, litatoka ndani ya siku 25. Baadaye, walipoona wapimaji wanakaa wakisubiri, walibadili uwiano wa watengenezaji na wapimaji, na mwishowe wakaongeza watu wachache. Namna watu wa Hyderabad walivyoandika programu zao haikuguswa. Kufikia Novemba 2005 foleni ilikuwa imekwisha, ombi lilitoka kwa wastani wa siku 14, na kazi zilizokamilika katika robo mwaka zilikuwa zaidi ya mara tatu ya zile za mwanzo.

Katikati ya miezi hiyo, Aprili 2005, wakati wa maua ya micheri, Anderson alikuwa Tokyo, akaenda kutembea katika bustani za mashariki za kasri la mfalme. Langoni alipewa kadi ya plastiki. Hakutozwa kiingilio, na hakuna aliyeikagua kadi hiyo ndani. Wakati wa kutoka ilimbidi airudishe. Alipoitazama foleni ya kadi zikirudi kwa mhudumu, alielewa kwamba idadi ya kadi ndiyo idadi ya watu ambao bustani inaweza kuwapokea bila kukanyagwa. Kadi zikiisha, mgeni anayefuata husubiri nje hadi mmoja atoke. Hapakuhitajika bawabu wa kuhesabu vichwa kila dakika.

Alichokishika mkononi Wajapani walikuwa na jina lake, na jina hilo lilikuwa limekwisha kufanya kazi viwandani kwa zaidi ya miaka hamsini.

*

Kanbani kwa Kijapani ni kibao, kama kile kinachoning'inizwa mbele ya duka. Aliyelifanya neno hilo litembee dunia nzima ni Taiichi Ohno, mzaliwa wa Dalian, China, mwaka 1912. Mwaka 1932 aliajiriwa katika kiwanda cha nyuzi na vitambaa cha ukoo wa Toyoda, na mwaka 1943 akahamishiwa upande wa magari. Asili yake ya kiwanda cha nguo si jambo dogo. Mwanzilishi wa ukoo huo kibiashara, Sakichi Toyoda, alikuwa ametengeneza mashine ya kufuma iliyojisimamisha yenyewe uzi unapokatika, ili isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Haki za mashine hiyo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza mwaka 1929. Wazo kwamba kusimama ni sehemu ya kazi, wala si aibu, lilikuwa tayari limo katika damu ya kampuni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Toyota ilikuwa hoi. Mwaka 1950 fedha zilikwisha, wafanyakazi wengi wakapunguzwa, mgomo ukalipuka, na Kiichiro Toyoda, mwana wa Sakichi na mwanzilishi wa kampuni ya magari, akajiuzulu. Vita vya Korea vilipoanza mwaka huohuo, jeshi la Marekani liliagiza malori, na agizo hilo likaiokoa kampuni. Ohno na wenzake hawakusahau. Kampuni isiyo na akiba haiwezi kujaza maghala kwa vipuri vya miezi mitatu huku ikiomba Mungu magari yanunuliwe.

Ohno alivutiwa na habari za maduka makubwa ya vyakula ya Marekani, yale ambayo mteja hujichukulia mwenyewe kitu rafuni. Mwenye duka hajazi rafu kwa sababu mkulima amevuna sana. Hujaza pengo lililoachwa na mteja. Mwaka 1956 Ohno alifika Marekani na kuyaona maduka hayo kwa macho yake, lakini wakati huo tayari alikuwa amekwisha kuanza. Mwaka 1953 alikuwa ameuingiza utaratibu huo katika karakana ya mashine ya kiwanda kikuu cha kampuni katika mji wa Koromo, ambao mwaka 1959 ulibadilishwa jina ukaitwa Toyota.

Utaratibu ulikwenda hivi. Kila kreti la vipuri lilikuwa na kadi yake ndani ya bahasha ya plastiki, ikieleza kipuri gani, vingapi, kimetoka wapi na kinakwenda wapi. Fundi wa hatua ya mbele alipovitumia vipuri, kadi ilirudi nyuma, na kurudi kwake ndiko kulikokuwa ruhusa ya kutengeneza vingine. Bila kadi, usitengeneze. Kwa hiyo kadi zilizokuwamo kiwandani ziliamua ni mali ngapi ambazo hazijakamilika zinaweza kuwapo. Meneja akitaka kupunguza mrundikano, aliondoa kadi kadhaa, kisha akatazama ni wapi panapouma. Ilichukua karibu miaka kumi utaratibu huo kuenea Toyota nzima, mwaka 1962, na Ohno aliandika kitabu chake juu yake mwaka 1978. Kampuni hiyo ndiyo baadaye iliyotuma Hiace zilizogeuka vipanya vya Dar es Salaam na matatu za Nairobi, kwa hiyo kadi za Koromo, kwa namna fulani, zimewahi kutubeba wengi wetu.

Isije ikadhaniwa kwamba karakana ile ilikuwa pepo. Mwandishi wa habari Satoshi Kamata alijiandikisha kuwa kibarua wa msimu katika Toyota mnamo 1972, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kilichokiita kiwanda hicho cha kukatisha tamaa. Alieleza kasi ya mkanda isiyompa mtu nafasi ya kupumua. Ukomo wa vipuri humlinda mwenye ghala dhidi ya hasara. Kumlinda mwenye mikono ni jambo lingine, na ni lazima mtu aamue kulifanya.

*

Ndugu wa pili wa hadithi hii naye asili yake ni Japani, ingawa aliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1986 Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Hitotsubashi, walichapisha makala katika Harvard Business Review kuhusu jinsi kampuni zilivyobuni bidhaa mpya kwa haraka. Walichunguza mashine za kunakili za Fuji-Xerox na Canon, kompyuta ya NEC, kamera za Canon, na gari dogo la Honda City ambalo lilibuniwa na timu ya vijana wenye wastani wa umri wa miaka 27. Waligundua kwamba timu hizo hazikupokezana kazi kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti, ambapo mbunifu anamaliza, anamkabidhi mhandisi, anakwenda zake. Walisonga pamoja kama timu ya raga, mpira ukipita mkono kwa mkono huku wote wakikimbia uwanja mzima. Kwa lugha ya raga, lile fungu la wachezaji wanaosukumana vichwa chini, mabega kwa mabega, huitwa skramu.

Makala hayo yalimfikia Jeff Sutherland, aliyekuwa rubani wa ndege za upelelezi katika Vita vya Vietnam kabla ya kuingia katika fani ya kompyuta. Mwaka 1993, katika kampuni ya Easel huko Massachusetts, yeye na wenzake John Scumniotales na Jeff McKenna walianza kuendesha timu kwa mtindo huo. Ken Schwaber alikuwa akitafuta jambo lilelile kwa njia yake mwenyewe, na mwaka 1995 skramu ikawasilishwa kitaaluma katika mkutano uliofanyika Austin, Texas. Miaka sita baadaye, Februari 2001, watu 17 walikutana katika hoteli ya wacheza theluji huko Snowbird, Utah, wakatoa tamko lililozipa jina moja njia zote za aina hiyo. Sutherland na Schwaber walikuwamo.

Moyo wa skramu ni sprinti: kipindi kifupi kisichozidi mwezi mmoja, na siku hizi mara nyingi wiki mbili. Mwanzoni timu huketi na mwenye bidhaa, huchagua kazi na lengo, kisha mlango hufungwa. Kila siku hukutana kwa dakika 15. Mwishoni huonyesha kilichokamilika, hujitathmini, huanza tena. Ule mlango uliofungwa ulikuwa ukombozi. Kabla yake, mkurugenzi yeyote aliyeamka na wazo angeweza kumsimamia mtu mezani na kumwondoa kwenye kazi yake. Sasa aliambiwa kwa heshima asubiri sprinti ijayo.

Lakini seva haijui sprinti. Ikianguka siku ya Jumatano, siku ya tatu tangu mlango ufungwe, timu itafanya nini? Wanaojenga kitu kipya walipumua. Wanaotunza kilichokwisha kujengwa, ambao maombi yao huingia kila saa kama wagonjwa wa zahanati, walijikuta wakivunja kanuni kila wiki au wakiwaacha wateja wakingoja kwa sababu ya kalenda. Kulikuwa na ugonjwa mwingine wa kimyakimya. Ubao wa skramu ulikuwa na safu tatu: kazi zinazosubiri, zinazofanywa, zilizokwisha. Safu ya katikati haikuwa na kikomo. Siku ya pili ya sprinti kila mtu alikuwa amevuta karatasi mbili au tatu, siku ya tano zote zilikuwa nusunusu, na siku mbili za mwisho rundo zima lilimwangukia mpimaji. Mshika mawili moja humponyoka, na wao walikuwa wameshika kumi na mawili.

Hesabu ya jambo hili ilithibitishwa kitambo. Mwaka 1961 John Little, msomi Mmarekani, alichapisha uthibitisho wa kanuni ambayo tangu hapo inabeba jina lake. Katika foleni iliyotulia, idadi ya vitu vilivyo ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila kimoja hukaa. Timu yenye kazi 12 mkononi na inayomaliza tatu kwa wiki itamkalisha kila mteja wiki nne kwa wastani. Ikishika kazi sita bila kupunguza kasi ya kumaliza, mteja atasubiri wiki mbili. Hakuna aliyekimbia zaidi.

*

Ndugu hao wawili walikutana Seattle. Mwaka 2006 Anderson alihamia Corbis, kampuni ya picha iliyoanzishwa na Bill Gates mwaka 1989. Donald Reinertsen, mtaalamu wa mifumo ya kubuni bidhaa, alikuwa amemsukuma akiri kwamba alichokifanya Redmond kilikuwa karibu sana na kanbani, basi aifanye kanbani kamili. Corbis ndipo ubao wa ukutani ulipochukua nafasi yake: safu kwa kila hatua ya kazi, kikaratasi kwa kila ombi, na juu ya safu tarakimu, idadi ambayo safu hiyo haitakiwi kuizidi. Toleo jipya la programu lilitoka kila wiki mbili, lakini kazi iliingia wakati wowote nafasi ilipopatikana. Kuingia na kutoka, ambavyo skramu ilivifunga katika kamba moja ya sprinti, vilitenganishwa. Agosti 2007 Anderson aliyaeleza hayo katika mkutano wa wataalamu mjini Washington, na kuanzia hapo habari zikasambaa.

Miongoni mwa waliokuwa Corbis alikuwa Corey Ladas, na yeye ndiye aliyewaunganisha ndugu hao kwa jina. Mwaka 2008 aliandika insha aliyoiita Scrum-ban, na mwaka 2009 ikawa sehemu ya kitabu, Scrumban. Ladas alianza na onyo ambalo hadi leo timu nyingi hazijalisikia. Karatasi iliyobandikwa ukutani, alisema, si kanbani, kama vile nakala ya noti iliyotolewa kwenye mashine ya kunakili si pesa. Noti ni pesa kwa sababu idadi yake inadhibitiwa. Vivyo hivyo kadi ni kanbani kwa sababu zina mwisho; mtu akiweza kuandika nyingine wakati wowote apendapo, anacho kielelezo cha kupendeza cha msongamano wake na si zaidi ya hapo.

Baada ya onyo hilo alieleza safari, na uzuri wake ni kwamba haikudai mapinduzi. Timu ya skramu ibaki na ubao wake na kikao chake cha kila siku. Hatua ya kwanza, kila mtu asishike zaidi ya kazi mbili. Kisha kazi zisigawanywe kwa majina siku ya kupanga. Kila mtu achukue inayofuata anapomaliza aliyonayo, ili asiwepo mwenye rundo na mwenye mikono mitupu. Kisha safu ile pana ya katikati ivunjwe kulingana na hatua halisi, na kila safu iwe na tarakimu yake. Ikifika hapo, timu itaona kwamba orodha ya kazi za sprinti inaweza kufupishwa, kwa kuwa hakuna sababu ya kuchambua leo kazi itakayofikiwa baada ya wiki mbili. Mwishowe kikao cha kupanga chenyewe kinaweza kuitishwa na ubao badala ya kalenda: orodha ikishuka hadi mstari fulani, kaa upange, kama mama anavyojua kwamba unga ukifika alama ile kwenye debe ni wakati wa kwenda mashineni.

Wengi walisoma safari hiyo kama njia ya kuiacha skramu. Ladas mwenyewe aliacha mlango huo wazi, kwamba timu inaweza kusonga hadi sprinti zikadondoka zenyewe kama meno ya utoto. Wengine walisimama katikati ya daraja, wakabaki na mdundo wa wiki mbili wa kujitathmini na kuonyesha kazi, huku ndani yake kazi zikitiririka kwa ukomo. Hawa wa pili, nadhani, walikuwa na haki. Mtiririko usio na vituo humfanya mtu afanye kazi Januari hadi Desemba bila siku ya kuulizana na wenzake tunakwendaje.

*

Mfano mmoja ulioelezwa kwa undani ulitoka Uswidi. Polisi wa huko walikuwa na shida inayoeleweka popote: askari akimkamata mwizi wa dukani, ilibidi arudi kituoni kuandika ripoti, na uchunguzi mdogo ulikaa wiki kwenye makabati. Mradi ulioitwa PUST ulikusudia kumpa askari kompyuta ndani ya gari ili amalize mambo hapohapo. Henrik Kniberg, mshauri wa Stockholm ambaye pamoja na mwenzake Mattias Skarin alikuwa tayari amechapisha kijitabu cha kulinganisha kanbani na skramu, alifanya kazi na timu hiyo ilipokua kutoka watu wapatao 10 hadi zaidi ya 60, na mwaka 2011 akaandika kitabu kizima juu yake, Lean from the Trenches.

Zilikuwapo timu tatu za kujenga, moja ya kuchambua mahitaji na moja ya kupima mfumo mzima. Ndani ya kila timu palikuwa na mengi ya skramu, pamoja na kikao cha asubuhi cha kusimama. Lakini ukuta mkubwa uliounganisha watu wote 60 ulikuwa wa kanbani. Kulikuwa na safu ya mambo kumi yanayofuata, na kumi maana yake kumi. Mkubwa aliyetaka la kumi na moja lipewe kipaumbele alitakiwa aonyeshe ni lipi liondoke. Asubuhi vikao vilifuatana, kwanza vya timu, kisha vya fani, kisha vya wawakilishi mbele ya ukuta mkuu, na asubuhi hiyohiyo kila mtu alijua gari limekwama wapi.

Wapimaji wa mfumo ndio waliozidiwa, kama ilivyo karibu kila mahali. Zamani watengenezaji wangeendelea kujenga, wakarundika kazi mlangoni mwao na kujisifu kwamba wao wako kwenye ratiba. Ukomo uliwanyima fursa hiyo. Safu ya kupima ikijaa, hakuna kipya kinachoanzishwa, kwa hiyo mtengenezaji mwenye mikono mitupu alikwenda kusaidia kupima au kuandika programu za kupima zenyewe. Ohno angeutambua mchezo huo mara moja.

Kilichokuwa kigumu zaidi kukikubali ni orodha ya kasoro. Miradi mingi hujaza hifadhi yake kwa mamia ya kasoro ambazo kila mtu anajua hazitarekebishwa. Pale PUST orodha hai ilikuwa na nafasi 30. Kasoro mpya ikigunduliwa, swali lilikuwa moja: je, ni nzito kuliko iliyo nyepesi zaidi kati ya hizo 30? Kama ndiyo, inaingia na ile nyepesi inafutwa. Kama sivyo, aliyeigundua anaambiwa palepale kwamba haitarekebishwa. Hilo lina ukali ndani yake, lakini linamheshimu mtu kuliko kumpokelea lalamiko na kulizika chini ya mamia ya mengine.

Programu ile ya kwanza ilifika magarini na ikafanya kazi. Baadaye jeshi la polisi liliamua kuijenga upya juu ya mfumo ulionunuliwa, Siebel, na toleo hilo jipya liliwachosha askari kiasi kwamba lilitupwa mwaka 2014. Ukuta wa vikaratasi unaweza kuionyesha timu inakwama wapi. Uamuzi unaofanywa ghorofa za juu haupiti kwenye ukuta huo.

*

Muungano huo haukukosa wapinzani, na mkubwa wao alikuwa mmoja wa wazazi wa skramu. Mwaka 2010 Ken Schwaber aliandika kwa uchungu dhidi ya kanbani katika kazi za programu. Hofu yake ilikuwa kwamba katika mbinu za zamani, pamoja na ubovu wake, watu walipata vichochoro vya kupumzika na kubuni. Kanbani ingeviziba vyote, na kazi ingegeuka mwendo wa kuchosha usio na kituo. Waliompinga walisema hajaielewa. Lakini anayekumbuka alichokiandika Kamata mwaka 1973 hawezi kuipuuza hofu hiyo. Kadi zilezile zinaweza kumpa mtu haki ya kusema mikono imejaa, au kumpa msimamizi kipimo cha kumkimbiza. Tofauti iko katika nani anaruhusiwa kubadili tarakimu iliyo juu ya safu, na Schwaber, nadhani, aliuliza swali la kweli hata kama jibu lake lilikuwa la haraka mno.

Miaka minane baadaye taasisi aliyoianzisha Schwaber mwenyewe mwaka 2009, Scrum.org, ilitoa mwongozo wa kanbani kwa timu za skramu. Mmoja wa walioufanyia kazi alikuwa Daniel Vacanti, aliyekuwa Corbis mwaka 2007 pamoja na Anderson. Mwongozo huo haukupunguza chochote cha skramu: sprinti ilibaki, vikao vilibaki, wahusika walibaki walewale. Uliongeza ubao wenye ukomo na vipimo vinne, yaani kazi zilizo mkononi, muda ambao kila kazi ilichukua hadi kukamilika, kazi ngapi zimekamilika katika kipindi, na umri wa kazi ambayo bado haijaisha.

Hicho cha mwisho kimebadilisha sura ya kikao cha asubuhi kuliko vyote. Awali kila mtu alisema kwa zamu jana nilifanya hiki, leo nitafanya kile, na wenzake wakasubiri zamu zao. Sasa timu husimama mbele ya ubao, huanza upande wa kulia, karibu na mlango wa kutokea, na kuuliza kuhusu karatasi iliyozeeka. Hii ina siku tisa. Timu yetu huwa inamaliza kazi nane kati ya kumi ndani ya siku nane. Imeshikwa na nini, na nani aache alichonacho akaisaidie? Aliye na karatasi hiyo hashtakiwi. Mara nyingi ndiye anayepumua, kwa sababu jambo lililomlemea peke yake tangu Jumatatu limekuwa la watu saba.

Novemba 2020, miaka 25 baada ya Austin, Sutherland na Schwaber walitoa toleo jipya la mwongozo wa skramu, fupi kuliko lililotangulia, kurasa 13 tu. Mwanzoni walipoeleza misingi ya njia yao, walitaja miwili: kujifunza kutokana na uzoefu, na fikra za kuondoa upotevu ambazo ulimwengu ulijifunza kutoka Toyota. Katika toleo la mwaka 2017 msingi uliotajwa ulikuwa mmoja.